Waraka na Kinywa: Nani Mwenye Mashairi ya Muyaka?

Kila kazi ya sanaa iliyoishi kupita umri wa aliyeifanya huandamwa na maswali matatu. La kwanza, je, hii ndiyo kazi yenyewe au ni mfano wake tu? La pili, ni mali ya nani? La tatu, itunzwe wapi na kwa njia gani hata isipotee? Kwa mlango wa nakshi au siwa ya pembe maswali hayo yana ugumu wake, lakini jambo linaloulizwa laonekana kwa macho: mlango uko katika nyumba fulani, na siwa imo mikononi mwa watu fulani. Shairi si hivyo. Shairi laweza kuwa katika vinywa vya watu mia na katika karatasi moja kwa wakati mmoja; laweza kuchukuliwa ng'ambo likabaki nyumbani, na laweza kubaki nyumbani likapotea. Kwa sababu hiyo mtu aamuaye mambo ya mashairi kwa sheria ya vitu vya kushikika hupotea njia tangu hatua ya kwanza. Habari za mashairi ya Muyaka bin Haji zafaa kuwa mfano wa kulipima jambo hili, kwa kuwa ndani yake maswali yote matatu yamekutana.

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alikuwa mtu wa Mombasa. Kuzaliwa kwake hukadiriwa kuwa katika mwaka 1776, na kufa kwake katika mwaka 1840. Aliishi katika siku za utawala wa Wamazrui, akawa mwenzi wao na msemaji wa mji wao. Alishuhudia vita ambavyo Mombasa na Pate zilipigana na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, na kabla ya kufa aliuona utawala wa Wamazrui ukianguka mwaka 1837 mbele ya Seyyid Said. Alitunga juu ya vita na siasa, lakini pia juu ya mapenzi, ndoa, dhiki na mambo ya kila siku. Inasemwa mara nyingi kwamba yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akauleta sokoni. Maneno hayo yametiwa chumvi, maana soko halikuwa bila nyimbo kabla yake. Lakini yanadokeza jambo la kweli, kwamba mashairi yake hayakutungwa yakae sandukuni. Yalitungwa yasikiwe, yakaririwe, na zaidi ya yote yajibiwe.

Alipokufa hakuacha kitabu kilichopigwa chapa. Mashairi yalikaa katika kumbukumbu za watu wa Mombasa na katika karatasi za wachache. Katika miaka ya 1880 Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa mji huo, aliyakusanya na kuyaandika, akifanya kazi hiyo pamoja na William Ernest Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekijua Kimvita kwa undani ambao wageni wachache wameufikia. Sikujua alikufa mwaka 1890. Taylor alirudi kwao na karatasi, akafa mwaka 1927, na hati hizo zikaingia katika maktaba ya chuo cha SOAS, London. Kutokana nazo William Hichens alitengeneza Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, iliyopigwa chapa Johannesburg mwaka 1940 na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Basi miaka mia baada ya kifo cha mshairi, sauti ya Mombasa ilitokea katika mji wa kusini kabisa mwa Afrika, kwa mkono wa mhariri ambaye hakupata kumsikia mtungaji, kutoka katika karatasi zilizokuwa zimelala katika mji wa tatu.

Juu ya safari hiyo hutolewa hukumu mbili, na kila moja ina wafuasi wake. Wa kwanza husema kwamba wenyeji wamenyang'anywa: hazina ya Mombasa imo London, na mwenye kuitaka hana budi kupanda ndege akaombe ruhusa ya kuiona mali ya babu yake. Wa pili husema kwamba wenyeji wamehifadhiwa: kama si Taylor, mchwa na unyevu wa pwani vingalikula kila kitu, na jina la Muyaka leo lingekuwa jina tupu. Hukumu hizi mbili huonekana kupingana, lakini zina kosa moja. Zote mbili hudhani kwamba shairi ni karatasi. Wa kwanza huililia karatasi iliyoondoka. Wa pili huisifu karatasi iliyosalia. Hakuna katika hao aulizaye kama karatasi hiyo, ikirudi kesho asubuhi bandarini Kilindini, itampata mtu wa kuisoma.

Tofauti ya shairi na kitu cha kushikika haina haja ya kutafutwa mbali na Mombasa. Nyuma ya mji huo wako Wagiriama, watu ambao Taylor mwenyewe alichapisha msamiati wa lugha yao mwaka 1891. Miongoni mwao husimamishwa vigango, yaani nguzo za mti zilizochongwa kwa ukumbusho wa wazee waliokuwa wa chama cha Gohu. Kigango hakitengenezwi ili kidumu milele. Kazi yake ni kusimama pale kiliposimamishwa, kikinyeshewa na kuliwa na mchwa mpaka kiishe. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 vigango vingi viliibwa, vikauzwa kwa wapenzi wa sanaa, vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 kimoja cha vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 katika mji wa mzee mmoja kilirejeshwa kwa wenyewe kutoka Illinois State Museum. Hapo hukumu ni nyepesi. Kigango kikiondoka, mahali pake pabaki shimo. Na kadiri kinavyotunzwa vizuri katika chumba kikavu, ndivyo kazi yake inavyozidi kuharibiwa. Aliyekichukua amekichukua chote.

Aliyenakili shairi hakulichukua lote. Siku Sikujua alipomaliza kuandika ubeti, ubeti ule ulibaki katika kinywa cha mzee aliyemwambia, ukabaki katika masikio ya waliokuwapo, na hakuna mtu wa Mombasa aliyelala maskini kuliko alivyoamka. Kalamu haikuwaibia watu. Umaskini ulikuja polepole, baadaye, na kwa mlango mwingine: wazee walikufa, vijana walisoma katika shule zilizotumia hati nyingine na lahaja nyingine, na shairi lililokuwa katika vinywa mia likawa katika kumi, kisha katika kimoja, kisha katika karatasi peke yake. Ni wakati huo tu ndipo karatasi ya London ilipogeuka kutoka kuwa nakala ikawa asili. Haikupanda daraja kwa ubora wake. Ilipanda kwa kufiwa na wenzake.

Madhali imekuwa hivyo, inafaa kuuliza swali la kwanza: je, yaliyomo katika karatasi hizo ni maneno ya Muyaka? Kati ya kifo chake na kazi ya Sikujua palipita miaka arubaini na zaidi. Katika muda huo shairi hupita katika ndimi nyingi, na kila ulimi una tabia yake. Neno lililosahauliwa hupewa badala. Ubeti mzuri usiojulikana mwenyewe hupewa mtu maarufu, kama ilivyo ada ya watu kumtajirisha tajiri. Mhakiki wa kizungu wa zama zile alizoea kutafuta hati moja kongwe iliyoandikwa na mtungaji mwenyewe, na asipoiona huhuzunika kama mtu aliyekosa urithi. Wanavyuoni wa pwani walikuwa na kipimo kingine, walichokijua katika elimu ya dini: isnadi, yaani silsila ya wapokezi. Kwa kipimo hicho swali halikuwa, waraka huu una miaka mingapi? Swali lilikuwa, nani amekuambia, naye aliambiwa na nani, na je, watu hao ni waaminifu?

Kwa kipimo cha isnadi, nguzo ya Diwani si Taylor wala Hichens. Ni Mwalimu Sikujua. Yeye ndiye aliyekuwa karibu na watu waliomkumbuka Muyaka au waliowajua waliomkumbuka. Yeye ndiye aliyeweza kutambua kwamba neno hili ni la kale na lile ni la juzi. Na maelezo mengi ya sababu za kutungwa kwa mashairi, ambayo bila hayo mafumbo mengine yasingefumbuliwa, hayangeweza kupatikana ila kwa mtu wa mji mwenye makamo yake. Hata hivyo jina lake limo katika utangulizi, halimo juu ya jalada. Msomaji humwita Muyaka mtungaji, humwita Hichens mhariri, humsifu Taylor kwa bidii, na humpita Sikujua kama mtu apitaye bawabu. Hilo ni kosa la adabu, lakini zaidi ni kosa la elimu. Anayemwondoa mpokezi katika silsila amekata kamba inayoifunga karatasi na mtungaji. Kinachobaki ni karatasi ya zamani, na uzamani peke yake si uhalisi.

Jambo la pili katika uhalisi ni hati. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na waandishi wake walijua vyema kwamba nguo hiyo haikukatwa kwa kipimo cha mwili huu. Alama tatu za fataha, kasra na dhamma zilibeba irabu tano, hata i na e zikavaa alama moja, na u na o vivyo hivyo. Katika mazoea ya zamani herufi ya be iliweza kusimama mahali pa b, p na mb. Basi neno moja lililoandikwa laweza kusomwa kupa, kuba au kumba, na macho hayatoi hukumu. Anayetoa hukumu ni sikio lililolisikia shairi kabla ya jicho kuliona, au akili iliyozoea mizani na vina hata ikajua neno gani laweza kuingia na lipi haliwezi. Hati ya zamani, kwa hiyo, haikuwa sanduku lililohifadhi shairi zima. Ilikuwa ukumbusho kwa mtu ambaye tayari alikuwa nalo.

Wenye kupenda hati ya Kirumi husema kwamba hapo ndipo ilipoleta nafuu, maana ina irabu zote tano na konsonanti zote zinazotakiwa. Ni kweli kwa nusu. Kimvita hutofautisha t ya meno na t ya ufizi; hutofautisha pia sauti zinazotolewa kwa pumzi na zisizotolewa kwa pumzi, hata paa wa mwituni asifanane na paa la nyumba mbele ya msikilizaji. Taylor alizisikia tofauti hizi na akabuni alama za kuziandika. Maandishi ya kawaida hayakuzikubali. Mkutano wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa, katika mji wa Muyaka mwenyewe, na tangu hapo watoto wa mji huo wamefundishwa kuandika kwa tahajia isiyojua tofauti wanazozitamka. Hati ya Kiarabu ilificha irabu. Hati ya Kirumi ya kawaida ilificha konsonanti. Kila moja inasema kweli na kila moja inanyamaza mahali pake. Kinywa kilichofundishwa ndicho pekee kinachotoa yote mawili.

Jambo la tatu ni umbo la kitabu. Neno diwani humfanya msomaji afikirie mtu mmoja na mali yake. Mengi ya mashairi ya Muyaka hayakuwa mali ya mtu mmoja kwa namna hiyo. Katika vita vya Mombasa, Pate na Lamu washairi walipelekeana mashairi kama watu wanaorushiana mishale: huyu hutukana, yule hujibu kwa vina vile vile, huyu hufumba, yule hufumbua na kufumba tena. Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu alikuwa upande wa pili wa mazungumzo hayo. Shairi la Muyaka likitolewa katika jibizano likawekwa peke yake chini ya jina lake, hugeuka kama maneno ya mtu anayezungumza na ukuta. Ni sifa ya Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff kwamba katika kitabu chao cha mwaka 1995, Mashairi ya Vita vya Kuduhu, waliwarudisha washindani katika uwanja mmoja, pande zote zisikike. Hawakugundua Muyaka mpya. Walimrudishia Muyaka adui yake, na mshairi wa jibizano asiye na adui ni nusu ya mshairi.

Mohamed H. Abdulaziz naye, katika kitabu chake juu ya Muyaka cha mwaka 1979, alifanya kazi ya aina hiyo kwa njia nyingine. Yeye ni mtu wa Mombasa na mtaalamu wa isimu, na aliyasoma mashairi hayo pamoja na historia ya mji na matumizi ya lugha yake. Tofauti ya kitabu hicho na Diwani ya mwaka 1940 haimo katika wingi wa mashairi. Imo katika kwamba msomaji anaonyeshwa watu waliokuwa wakisikiliza. Uhalisi wa shairi la jukwaani hauwezi kutengwa na wasikilizaji wake, kama vile uhalisi wa tanga usivyojulikana mpaka upepo uvume.

Mtu aweza kupinga akasema kwamba kwa hoja hizi kila nakala ni halali, na hapana tena kweli wala uongo. Sivyo. Mfano wa Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyekufa mwaka 1945 akiwa mzee sana, waonyesha mpaka ulipo. Kijuma alikuwa mshairi, mchonga milango, mpiga kinanda na mwandishi mwenye hati nzuri. Alinakili tendi na mashairi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, miongoni mwao Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann, na nyingi za nakala zake zimo London na Ujerumani. Baadhi alizipamba kwa nakshi. Wako wanaozitilia shaka nakala hizo kwa sababu ziliandikwa kwa kuagizwa na kwa malipo, kana kwamba mwandishi wa kulipwa hawezi kuwa mkweli. Lakini mlango wa Kijuma nao uliagizwa na kulipiwa, na hakuna asemaye si mlango wa Lamu. Kuagiza na kulipa vilikuwa desturi ya uandishi wa pwani kabla Mzungu hajafika. Kosa linalobatilisha nakala ni lingine: kuficha silsila, kuzua ubeti na kumsingizia marehemu, au kusahihisha lugha ya kale ili impendeze mnunuzi wa leo. Nakala ya Kijuma ipimwe kwa makosa hayo, ubeti kwa ubeti. Isihukumiwe kwa sarafu iliyoilipia.

Sasa swali la mali. Ukiandikwa wasia wa mashairi ya Muyaka, warithi watakuwa wengi. Yupo mtungaji, naye amekufa. Upo mji wa Mombasa, uliompa lugha, ugomvi na wasikilizaji. Yupo Sikujua, aliyekusanya. Yupo Taylor, aliyelipa thamani jambo ambalo wenzake wengi walilidharau. Ipo maktaba, iliyotunza. Wapo wasomaji wa Kiswahili kutoka Lamu mpaka Lubumbashi, ambao wamejifunza kumwita Muyaka mshairi wao ijapokuwa babu zao hawakumsikia. Sheria za kimataifa nazo zimegawanya urithi mafungu mawili: mapatano ya UNESCO ya mwaka 1970 yahusu vitu vinavyovushwa mipaka kwa njia haramu, na yale ya mwaka 2003 yahusu mambo yasiyoshikika, kama nyimbo, masimulizi na ufundi. Shairi la Muyaka limekaa katikati ya mlango huo, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na hakuna mkataba unaoweza kulivuta zima upande mmoja.

Njia iliyo nyoofu ni kulitazama kama amana. Katika amana mwenye kushika si lazima awe mwenye mali, na mwenye mali ana haki ya kuidai, lakini pia ana wajibu wa kuijua atakapoiona. Maktaba ya London imeshika amana. Haikuwa mwizi, wala haijawa mmiliki. Sifa ya kutunza ni yake, na katika karne hii imefanya jambo zuri la kuziorodhesha na kuzieleza hati zake za Kiswahili, kazi ambayo Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyekufa mwaka 2008, aliitumikia kwa elimu yake. Lakini tazama maana ya tukio hilo. Maktaba tajiri yenye hati za karne nzima ilimhitaji mzee mmoja wa Mombasa ili ijue ina nini. Funguo za sanduku hazikuwa London. Zilikuwa katika kichwa cha mtu, na kichwa cha mtu hakiwekwi katika rafu.

Isidhaniwe kwamba kila kitu kimekwenda ng'ambo. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya hati na sauti za wasomaji, na mkusanyo wake uliingia katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam; orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Hatua nyingine njema ilifanyika Lamu, katika Msikiti wa Riyadha. Hati za msikiti huo, ambazo nyingi ni za Kiarabu, zilipigwa picha katika mradi uliosaidiwa na British Library; picha zikaenda London, karatasi zikabaki Lamu. Hiyo ni safari ya Taylor iliyogeuzwa. Zamani asili ilisafiri na nyumbani ikabaki kumbukumbu; sasa asili hubaki na mfano husafiri. Anayesema kwamba hakuna njia ya tatu kati ya kunyang'anywa na kuoza akaitazame kazi hiyo.

Lakini Dar es Salaam yenyewe ni ushahidi kwamba ukaribu wa karatasi si dawa kamili. Hati zilizo katika chuo kikuu cha nyumbani ziko hatua chache kutoka madarasa ya Kiswahili, na bado wanafunzi wengi humaliza masomo ya fasihi bila kusoma ukurasa mmoja kwa hati ya Kiarabu. Humsoma Muyaka kama watu wengine wanavyomsoma, katika chapa ya Kirumi. Basi umbali ulio kati yao na karatasi ya Dar es Salaam si mdogo kuliko umbali ulio kati yao na karatasi ya London. Tofauti ni nauli. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, na mali ipo. Kilichopotea ni uwezo wa kulisoma daftari. Kupoteza kwa namna hii hakuna mwizi wa kushtakiwa, na kwa hiyo hakuna anayeshtuka.

Mtu aliyelifahamu jambo hili kuliko wengi alikuwa Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyekufa mwaka 2017. Alipoona kwamba maneno ya uundaji wa vyombo vya baharini yanaanza kusahauliwa, hakutosheka na kuyaorodhesha. Aliyatia katika utenzi, Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, ili neno la fundi lishikwe na mizani na kina na likae katika kumbukumbu kama lilivyokaa neno la mshairi wa kale. Orodha huhifadhi neno kwa mtu anayelitafuta. Utenzi hulihifadhi hata kwa mtu asiyejua kwamba alitafute. Nabhany alitunza urithi kwa kuuongeza. Hilo ndilo fundisho kubwa ambalo makumbusho, kwa asili ya kazi yake, hayawezi kulitoa, kwa kuwa makumbusho huanza kazi pale uzazi unapokoma.

Kutokana na haya, chapa mpya ya Muyaka inayostahili jina lake yajulikana itakavyokuwa. Kila shairi liwe na picha ya ukurasa wa hati upande mmoja, na maandishi ya Kirumi yenye alama za Kimvita upande wa pili. Palipo na shaka ya neno, shaka ielezwe, isifichwe. Palipo na jibu la mshindani, jibu lichapishwe pamoja na shairi. Msomaji wa Mombasa alighani, na sauti yake ihifadhiwe pamoja na kitabu. Na juu ya jalada, chini ya jina la Muyaka, liandikwe jina la Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Hakuna katika mambo hayo linalomlazimu mtu kungoja uamuzi wa maktaba ya nje. Picha za hati zapatikana, lahaja ya mji ingali hai, waghani wapo. Kinachotakiwa ni kwamba vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vifundishe hati ya Kiarabu ya Kiswahili kama sehemu ya lazima ya elimu ya fasihi, wala si kama jambo la pembeni la wenye kupenda mambo ya kale.

Dai la kurudishiwa karatasi ni la haki na lisiachwe, maana kuna heshima katika kuona mkono wa Sikujua ukiwa katika mji wa Sikujua. Lakini dai hilo liwe la pili katika mpango, lisiwe la kwanza. Mwenye nyumba anayedai kurudishiwa amana huandaa kwanza mahali pa kuiweka na mtu wa kuishika. Karatasi zikirudi katika mji usiojua kuzisoma, zitakuwa zimebadili kabati tu. Zikibaki ugenini huku vijana wa Mombasa, Lamu, Zanzibar na Dar es Salaam wanaweza kuzisoma, kuzisahihisha na kuzijibu kwa mashairi yao, mwenyewe atakuwa amekwisha julikana, na mshika amana hatakuwa na neno la kumjibu atakapobisha hodi.